Sura ya Sita: Mkalimani, Mfasiri na Hesabu ya Tumbaku

Karani aliyefanya kazi mjini Songea katika miaka ya themanini au ya tisini hana haja ya kufundishwa kwamba umeme ni kitu cha kuhesabiwa kama unga ghalani. Mji ule, uliokaa juu ya nyanda zinazopita mita 1,000 kutoka usawa wa bahari na zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, uliangazwa kwa mitambo ya dizeli, na dizeli yenyewe ililetwa kwa magari kwa njia ya Makambako. Gari likikwama, au kipuri kimoja cha mtambo kikikosekana, giza liliingia bila ya kumwuliza mtu kazi yake imefika wapi. Hali hiyo iliendelea hata mwaka 2018, ndipo laini ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilipouunganisha mji na gridi ya Taifa. Naifungua sura hii ya kompyuta kwa habari za taa na malori kwa kusudi, kwani nataka msomaji alione mapema jambo ambalo waandishi wengi wa historia ya mashine hizi hulipita mbio, nalo ni kwamba chombo kilichosifiwa California au Copenhagen kwa sababu za huko, kikifika Songea kikafaa, aghalabu kimefaa kwa sababu nyingine kabisa, ambazo sharti zitafutwe hapa hapa penye vumbi la Agosti, bei ya dola na mizani ya tumbaku.

Kompyuta ndogo ya mezani ilipoanza kuingia maofisini, mtu aliyetaka imfanyie kazi ambayo hakuna aliyekwisha kuiandikia programu alilazimika kuiandikia maagizo mwenyewe, na kabla hajaandika neno la kwanza palikuwa na uamuzi mmoja ambao ungemfuata kwa miaka: aandike kwa lugha gani, na maandishi yake ayakabidhi kwa kompaila ipi. Leo uamuzi huo unaonekana mwepesi, kwa sababu kompaila nyingi hupatikana bure na ukikosea huchukua nyingine kabla chai haijapoa. Wakati ule kukosea kulikuwa na gharama ya fedha za kigeni, ya miezi ya kungoja, na ya kazi iliyokwisha kuandikwa ambayo haikuweza kuhamishwa.

Kompaila ni neno geni, lakini kitu chenyewe hakiwezi kuwatatiza watu wa lugha yetu, ambao tangu zamani wamepambanua baina ya mkalimani na mfasiri. Mkalimani ni yule asimamaye barazani kati ya hakimu mgeni na mdai mwenyeji, akasikia sentensi moja na kuigeuza, akasikia ya pili na kuigeuza, na shauri hilo hilo likisikilizwa tena kesho hana budi kuitwa tena, aanze upya kama asiyewahi kulisikia. Mfasiri huchukua kitabu kizima, akaenda nacho kwake, akakaa nacho, kisha akakirudisha kimeandikwa chote kwa lugha ya pili, na tangu siku hiyo kitabu husomwa bila ya yeye kuwapo. Kompyuta, kwa asili yake, haifahamu lugha yoyote ya wanadamu ila namba ambazo prosesa yake imeundwa kuzitii. Mkalimani wa mashine huisoma programu mstari baada ya mstari kila inapoendeshwa, na akikutana na mstari ule ule mara elfu moja huugeuza mara elfu moja. Mfasiri wa mashine, ambaye ndiye kompaila, huigeuza programu nzima mara moja tu ikawa namba, na programu iliyokwisha kufasiriwa huenda mbio mara nyingi kuliko ile inayokalimaniwa.

Elimu ya kufasiri ilizaliwa katika mashine za ukubwa wa chumba. Grace Hopper wa Marekani alitengeneza mwaka 1952 chombo alichokiita A-0, kilichokusanya vipande vya programu na kuviunga. John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM walitoa kompaila ya Fortran mwaka 1957 kwa ajili ya hesabu za wanasayansi. Na miaka michache baadaye ikaja Cobol, lugha ya daftari, mishahara na bohari. Mwaka 1964 walimu wawili wa Chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz, walibuni lugha nyepesi ya Basic ili wanafunzi wasiosomea hesabu nao waweze kuitumia kompyuta. Wengi wamesahau kwamba Basic ile ya Dartmouth ilikuwa na kompaila. Iligeuka kuwa lugha ya mkalimani ilipoletwa katika kompyuta ndogo, pale Bill Gates na Paul Allen walipoiandika upya mwaka 1975 kwa ajili ya mashine iitwayo Altair, ambayo kumbukumbu yake ilikuwa finyu mno hata isingeweza kumbeba mfasiri, matini yake na tafsiri yake kwa pamoja. Ufukara wa mashine ndio uliomchagua mkalimani. Na kompyuta ya IBM, iliyotangazwa tarehe 12 Agosti 1981 kwa bei iliyoanzia dola 1,565 na kumbukumbu ya kilobaiti 16, ilizaliwa na mkalimani huyo wa Basic tumboni mwake, amekwisha chomwa ndani ya vipande vyake, asidai hata disketi.

Kwetu Tanzania habari ilikuwa na mkondo wake. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, mashine ya Kiingereza ya ICT 1500, na baada ya miaka kadhaa jitihada ya kuziweka hesabu za Serikali ndani ya kompyuta iliharibika kiasi cha kuifanya Serikali, mwaka 1974, ipige marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Katazo hilo lililegezwa katika miaka ya themanini, na ndiyo maana katika nchi hii mashine ndogo ya mezani haikuja kama mtoto wa mashine kubwa iliyozoeleka, bali ilikuja kama mgeni anayebisha hodi katika nyumba ambayo haijawahi kulaza mgeni wa namna yake. Fauka ya hayo, ilibisha hodi wakati wa mageuzi mawili mengine. Vyama vikuu vya ushirika, vilivyovunjwa mwaka 1976, vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Na shilingi, iliyokuwa takriban 12 kwa dola mwaka 1983, ilishuka hata 17 mwaka 1984 na 40 kufikia katikati ya mwaka 1986. Msomaji ayashike mageuzi haya, na hasa hilo la shilingi, kwa maana litatukuta tena ndani ya kompyuta, mahali asipolitazamia.

Na tumfikirie sasa karani mmoja wa Songea, ambaye simtaji jina kwa kuwa nimemuumba mimi mwenyewe kwa ajili ya hoja hii, ila kazi niliyompa ni kazi ya kweli ya mkoa wa Ruvuma. Wangoni na Wamatengo walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu mwaka 1936, na zao lililokijenga upande wa Songea lilikuwa tumbaku ya moshi, ile inayokaushwa kwa moto wa kuni bandani, kama vile kahawa ilivyokuwa zao la milima ya Mbinga. Tumbaku haina bei moja. Hufunguliwa, hupangwa kwa madaraja, hupimwa, na kila daraja lina bei yake kwa kilo. Kisha katika jumla ya mkulima hukatwa mkopo wa mbolea na pembejeo nyingine, na kinachobaki ndicho anachotia sahihi au dole gumba. Kosa la karani hapa haliishii katika daftari, bali hurudi na mkulima hadi nyumbani kwake. Karani wetu, basi, amepewa mashine ya aina iliyokuwa ya kawaida mwaka 1986: prosesa ya 8088 iendayo megahezi 4.77, kumbukumbu ya kilobaiti 256, na matundu mawili ya disketi, kila disketi ikibeba kilobaiti 360. Haina diski ngumu. Ameambiwa aiandikie programu ya malipo ya wakulima. Achague nini?

Mbele yake yupo kwanza mkalimani aliyekuja na mashine, na haki ya mkalimani huyu isidhulumiwe, kwa kuwa ndiye mwalimu wa kwanza wa waandishi wengi wa programu duniani: umeme ukirudi, unawasha mashine, unaandika mstari, unaona jawabu. Lakini Basic, mtu asipoiagiza vinginevyo, huziweka namba zake katika umbo lenye tarakimu saba tu za kuaminika. Malipo ya mkulima mmoja yanaingia humo bila ya shida. Jumla ya msimu wa chama haiingii. Ikipita shilingi milioni kumi, mashine huanza kuiandika kwa mkato, mathalan 1.234568E+07, maandishi ambayo hakuna mweka hazina mwenye akili timamu atakayeyatia sahihi. Na ikipita 16,777,216, shilingi moja moja huanza kupotea kimya kimya, kama punje zinazodondoka kutoka gunia lenye tundu. Dawa ipo, nayo ni alama moja inayowekwa mwishoni mwa jina la namba ili ipewe nafasi maradufu. Lakini dawa inayotegemea kwamba karani asisahau alama moja katika mistari mia tano ni dawa ya kuhofia.

Mbele yake zipo pili kompaila za heshima, zilizouzwa na makampuni makubwa kwa mamia ya dola. Katika hizo Pascal ya Microsoft ni mfano mzuri, kwa sababu ilikuwa kompaila yenye elimu nyingi na tafsiri nzuri, na hata hivyo kuitumia katika mashine ya matundu mawili kulikuwa ibada ndefu. Matini yaliandikwa kwa programu moja, ukaitoka. Ukaita hatua ya kwanza ya kompaila, ikasoma na kuandika faili la katikati. Ukabadili disketi, ukaita hatua ya pili, ikasoma faili lile na kuandika jingine. Kisha ukaita kiunganishi, ukatia disketi ya maktaba, ndipo programu ikatoka. Palipokuwa na kosa la nukta moja, uliambiwa namba ya mstari, ukarudi mwanzo. Dakika zilipita, na katika mji wa mitambo ya dizeli kila dakika ya kufasiri ni dakika ambayo umeme unaweza kukatika ukiwa katikati ya faili. Mtu wa mji wenye umeme wa uhakika aliihesabu ibada hiyo kama uchovu. Mtu wa Songea alikuwa na sababu ya kuihesabu kama hatari.

Novemba 1983 kilitokea kitu kilichoipindua mizani. Kijana wa Denmark, Anders Hejlsberg, aliyekwisha kuandika kompaila za Pascal kwa ajili ya kompyuta ndogo za huko kwao, aliiuza kazi yake kupitia kampuni ya Borland ya California, iliyoongozwa na Mfaransa Philippe Kahn, nayo ikatoka kwa jina la Turbo Pascal na bei ya dola 49.95. Kihariri cha kuandikia na kompaila yenyewe vilikuwa ndani ya faili moja lisilofika kilobaiti 40. Neno hilo lataka kupimwa kwa vipimo vya karani wetu: katika disketi moja ya kilobaiti 360 aliweza kuweka mfumo endeshi, kompaila, programu yake yote na hata nakala ya jana, na bado nafasi ikabaki, tena kumbukumbu ya kilobaiti 256 iliwachukua wote kwa pamoja, mwandishi, matini na mfasiri, pasipo kubadili disketi hata mara moja.

Siri ya udogo na wepesi huo ilikuwa nusu ya Hejlsberg na nusu ya lugha yenyewe. Pascal ilibuniwa na Niklaus Wirth wa Zurich mwaka 1970, na mzee huyo aliitungia sheria kali ambazo wanafunzi waliziona za usumbufu: kila jina sharti litangazwe kabla ya kutumiwa, na aina yake itajwe, ikiwa ni namba kamili, namba ya desimali au maneno. Sheria hizo ndizo zilizomwezesha mfasiri kuisoma programu mara moja tu kutoka juu hadi chini, kwa sababu hakuna neno linalomkuta bila ya kujulishwa. Turbo Pascal iliisoma ndani ya kumbukumbu, bila ya kuandika faili la katikati, na ilipokuta kosa ilisimama hapo hapo, ikakurudisha katika kihariri na kukuwekea alama penye neno lenyewe, kama mwalimu anayeweka kidole juu ya daftari la mwanafunzi. Programu ya mistari mia kadhaa ilifasiriwa kwa sekunde. Na jina la lugha linamstahili karani, kwa kuwa Blaise Pascal, Mfaransa aliyepewa heshima hiyo, alianza mwaka 1642 kuunda mashine ya kujumlisha ili ampunguzie baba yake adha ya hesabu za kodi.

Ama bei, tuitazame kwa shilingi. Dola 49.95 zilikuwa takriban shilingi 600 ilipotoka, na takriban 2,000 kufikia katikati ya mwaka 1986. Kompaila ya dola 300, siku hiyo hiyo ya mwaka 1986, ilikuwa shilingi 12,000. Katika nchi ambayo fedha za kigeni ziliombwa kwa kibali, tofauti hiyo haikuwa ya bei tu, ilikuwa ya kupatikana na kutopatikana. Borland iliongeza jambo la busara katika masharti yake ya leseni: programu ile ichukuliwe kama kitabu, iweze kutoka mkononi mwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine au kutoka mashine hii kwenda ile, ilimradi isisomwe mahali pawili kwa wakati mmoja. Kwa mtu aliyezoea maktaba ya mkoa, sharti hilo halikuhitaji mwanasheria wa kulifafanua.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba hapa ndipo hadithi inapokwisha, kwa bei nafuu na mwendo wa haraka, kwani bado hatujaipima kompaila yetu kwa tumbaku. Pascal inamruhusu karani kuandika kwa lugha yake mwenyewe majina ya vitu vyake, na mstari ulio moyo wa programu yote ungeweza kuwa huu: Malipo := Kilo * Bei - Mkopo. Mtu yeyote wa Songea ausomaye ataufahamu, na jambo hilo lina thamani kubwa, kwa maana karani huhamishwa; leo yuko Songea, mwakani yuko Tunduru, na atakayekalia kiti chake sharti aweze kuisoma kazi aliyoikuta. Lakini ndani ya mstari huo uliopendeza mlikuwa na shimo.

Katika Turbo Pascal ya miaka ile namba kamili iliwekwa katika biti 16, na kikomo chake kilikuwa 32,767. Tuseme mkulima ameleta kilo 400 za daraja ambalo bei yake ni shilingi 90 kwa kilo, namba nilizozichagua kwa ajili ya mfano. Jawabu ni 36,000. Namba hiyo haiingii katika biti 16, na kompaila haikupiga kelele: ilizunguka kama mshale wa saa upitao kumi na mbili ukaanza upya, ila mzunguko wake ni wa 65,536, na jawabu lililotoka lilikuwa 29,536 chini ya sifuri, yaani deni. Mkulima aliyestahili kulipwa shilingi 36,000 anaonekana katika karatasi kwamba anadaiwa shilingi 29,536 hata kabla ya mkopo wake wa mbolea kukatwa. Wala haitoshi kulifanya jina Malipo peke yake kuwa la namba ya desimali, kwa sababu kuzidisha kumekwisha kuharibika kabla jawabu halijafika huko. Ni Kilo na Bei wenyewe wanaopaswa kutangazwa kuwa wa aina hiyo tangu juu ya programu.

Hapa ndipo shilingi inapoturudia. Mwaka 1983, kwa shilingi 12, kikomo cha 32,767 kilikuwa sawa na zaidi ya dola 2,700, fedha ambazo wakulima wachache sana wa tumbaku wangezipokea kwa msimu mmoja, na programu iliyoandikwa bila ya uangalifu ingeweza kwenda mwaka mzima bila ya kosa. Baada ya Juni 1986 kikomo hicho hicho kilikuwa takriban dola 800, na thamani ya shilingi iliendelea kupungua mwaka hata mwaka. Hakuna aliyeigusa programu. Ni nchi iliyosogea chini yake. Mwandishi wa programu wa Marekani, ambaye dola yake haikuyumba kiasi hicho, aliweza kuishi na namba za biti 16 kwa muda mrefu bila ya kujua kwamba anaishi ukingoni. Turbo Pascal toleo la 4, la mwaka 1987, ilileta namba kamili ndefu ya biti 32, ifikayo 2,147,483,647, na nafuu hiyo iliwafaa watu wa shilingi kabla ya kuwafaa watu wa dola.

Senti nazo zina kisa chao. Mashine huhesabu kwa mbili mbili, na kama vile theluthi moja isivyoandikika kikamilifu kwa desimali, bali huwa 0.3333 isiyo na mwisho, ndivyo senti kumi, yaani 0.10 ya shilingi, isivyoandikika kikamilifu kwa mbili mbili. Ukizijumlisha senti kumi mara maelfu, jumla huteleza. Njia ya hekima ni kuhesabu kila kitu kwa senti, bila ya nukta, ndani ya namba ya desimali ya Turbo Pascal, ambayo ilikuwa na baiti 6 na iliweza kushika kila namba kamili kwa uaminifu hadi kupita trilioni moja. Kwa aliyetaka zaidi, toleo la 3 liliuzwa pia kwa sura ya pekee iliyohesabu kwa kumi kumi, kwa tarakimu 18, kama ahesabuvyo karani kwa kalamu.

Wapinzani wake wasihukumiwe bila ya kusikilizwa. Cobol, kwa insafu, ndiyo lugha iliyofahamu fedha kuliko zote, kwani desimali ni asili yake na haikumtega mtu kwa biti 16. Iliyomshinda karani wetu ni bei yake na wingi wa disketi zake. C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie mwaka 1972, ni wembe mkali, na Borland yenyewe iliitolea Turbo C mwaka 1987. Bali wembe huo humruhusu mwandishi kuandika mahali popote katika kumbukumbu, na akikosea anwani mashine huganda bila ya kusema kwa nini. Mtu aliye peke yake, ambaye mwenzake wa kumwuliza yuko mwendo wa siku nzima kwa basi, anahitaji lugha inayomkanya mapema. Mshindani wa haki alikuwa dBase, lugha ya majedwali ya kampuni ya Ashton-Tate, na kompaila yake Clipper iliyotoka mwaka 1985. Kwa kutunza majina, akiba na madeni, mistari kumi ya dBase ilifanya kazi ya mistari mia ya Pascal, na aliyekuwa na diski ngumu hakukosea kuichagua. Lakini programu ndogo kabisa ya Clipper ilitoka na faili la zaidi ya kilobaiti 100, na kwa mwenye matundu mawili ya disketi huo ni mgeni anayekuja na shehena ya godoro na kitanda.

Turbo Pascal ilikuwa na aibu zake pia, na moja iliuma zaidi palipokuwa na giza la ghafla. Kwa kuwa kihariri, kompaila na programu vilikaa pamoja ndani ya kumbukumbu, programu ikiganda ilikwenda na matini yote yaliyokuwa hayajahifadhiwa, na umeme ukizimika ilikuwa vivyo hivyo. Kadhalika, hadi toleo la 3, programu nzima haikuweza kupita kilobaiti 64 za maagizo, na tafsiri yake haikuwa na ufundi wa kompaila za heshima, kwa hiyo programu iliyotoka ilikwenda polepole kuliko ambayo ingeweza kwenda. Lakini tazama namna aibu hizi zinavyopimika. Ya kwanza ina dawa ya tabia: hifadhi kabla ya kuendesha, na andika nakala ya pili kila jioni katika disketi ya akiba iliyofungwa mbali na vumbi. Ya pili haikumgusa mwenye programu ya malipo. Ya tatu ilikuwa bure kuilalamikia pale ambapo kazi ndefu ni ya printa, si ya prosesa. Kosa la kompaila linalotibika kwa mazoea ya mtu ni dogo kuliko kosa linalotibika kwa fedha za kigeni.

Wala karani wetu wa kubuni hakuwa peke yake katika hukumu hiyo. Mwaka 1985 taasisi ya udhibiti wa maradhi ya Marekani, iliyoko Atlanta, ilitoa programu ya Epi Info kwa wachunguzi wa magonjwa ya mlipuko, na matoleo yake ya mfumo wa DOS yaliandikwa kwa Turbo Pascal, yakagawiwa bure na kunakiliwa kwa disketi hospitalini na wilayani katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka huo huo UNESCO ilitoa kwa kompyuta ndogo programu ya CDS/ISIS ya kutunza orodha za maktaba, nayo pia ya Pascal, na baadaye ikawapa wakutubi uwezo wa kuiongezea vipande vyao wenyewe kwa lugha hiyo hiyo. Programu hizo mbili ziliandikwa kwa ajili ya mahali pa mashine ndogo, fedha kidogo na watu wachache wa kuuliza, na waandishi wake, kila mmoja kwa njia yake, walifikia Pascal.

Miaka imepita. Hejlsberg alihamia Microsoft mwaka 1996, akabuni lugha ya C# na kisha TypeScript, ambazo vijana wa leo wa Songea huziandika katika kompyuta za mkononi ambazo kumbukumbu yake ni zaidi ya mara elfu thelathini ya ile ya karani wetu. Mitambo ya dizeli imenyamaza. Lakini kijana huyo akitaka kuchagua lugha na kompaila, bado husikia kwanza habari za sifa: ipi inatumiwa na makampuni makubwa, ipi inakwenda mbio, ipi ni ya kisasa. Namwomba asianze na maswali hayo. Achukue karatasi, aandike upande mmoja mashine aliyonayo, bando analoweza kulinunua, namba kubwa kabisa ambayo programu yake itaibeba miaka kumi ijayo, na jina la mtu atakayeisoma yeye akihamishwa. Kisha ampe kila mfasiri aliye mbele yake hesabu moja ya kweli ya nyumbani, kilo 400 kwa shilingi 90. Atakayemrudishia 36,000, kwa umeme uliopo na kwa fedha zilizopo, huyo ndiye wa kumchukua.